Muulizeni pia namna amelala

Hapa kwetu Bukavu, mutu akisema ana ugonjwa wa sukari, maneno yote inaenda kwenye sahani. Wanamuuliza kama bado anakula bugali, anakula ndizi ngapi, kama ameacha fanta na chai tamu, na wengi wanauliza kwa upendo, sikatai. Ata opitali siku ya kontrole ni vile: wanapima kilo, wanapima tansiyo, wanatoboa kidole, wanaangalia namba, wanaandika ordonansi, randevu mwezi ujao. Lakini huyo mutu analala saa ngapi, anaamuka mara ngapi kwenda kukojoa, anakoroma ao hapana, asubui anaamuka kichwa kinauma ao hapana, hiyo haiulizwe. Na mimi mwenye ninaishi na mama yangu mwenye sukari na tansiyo, ninazidi kuamini kama usiku njo fasi yenye sukari na moyo vinakutana, na familia yenye haijue nini inapita usiku kwa mugonjwa wao, kuna sehemu kubwa ya ugonjwa yenye haiione.

Mimi ni mwalimu wa biolojia, siko dokta, kwa hiyo dozi ya dawa ya mutu siigusake. Lakini namna mwili inafanya kazi ninaweza kueleza.

Insulini, homoni yenye inatoka kwenye kongosho, inafanya kazi mbili kubwa. Inaambia misuli ichukue sukari yenye iko kwenye damu, na inaambia ini iache kutoa sukari yenye ilikuwa imeweka akiba. Mutu akilala kidogo, ao akilala vipande vipande, mwili inajiona kama iko kwenye hatari, inatoa kortizoli na adrenalini kwa wingi kuliko kawaida, na hizo homoni zote mbili zinafanya kinyume cha insulini: ini inamwaga sukari, misuli inakataa kusikia. Insulini ni ileile, kazi yake inapunguka. Hii si hadisi. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Karine Spiegel na Eve Van Cauter na mwenzao, walichapisha matokeo ya vijana wanaume 11, wazima kabisa, wenye walilazwa saa 4 tu kwa usiku, siku 6 zikifuatana, na namna mwili yao ilishughulikia sukari ikaharibika wazi wazi. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi wakaonyesha kama ata usiku moja tu wa saa 4 inatosha kupunguza kazi ya insulini kwa mutu muzima. Sasa mutu mwenye miaka 60, mwenye insulini yake tayari imechoka, mwenye anaamuka mara tano kwa usiku, miezi na miezi, tunategemea glisemi yake (sukari ya kwenye damu) ifanye nini? Anaweza kupunguza bugali mpaka ibakie ya mukono moja na namba ya asubui isisogee, na kisha watu wa nyumba wanaanza kumushitaki kama anakula kwa siri. Hiyo ya kumushitaki inaniuma sana, juu nimeona wazee wanalia juu yake.

Na ugonjwa yenyewe inavunja usingizi, njo maana inakuwa muzunguko. Sukari ikipita karibu 180 (mg/dl) kwenye damu, figo haiwezi tena kuirudisha yote, inaanza kupita kwenye mukojo na inavuta maji pamoja nayo. Njo maana mutu anakojoa sana usiku, kisha anasikia kiu, anakunywa, anarudi kukojoa. Kwa hiyo mugonjwa mwenye anaamuka mara nne, mara tano, dawa yake si kumukataza maji (watu wanafanyaka hivyo, na ni hatari, juu anaweza kukauka), ni kuangalia kama sukari yake iko juu usiku. Ao ni dawa ya tansiyo: kuna dawa za kukojolesha, kama furosemide, na mutu akiikunywa jioni basi usiku yote iko njiani kwenda choo, tena choo za kwetu ziko inje, kwenye mteremko, giza, mvua, mutu anaweza kuanguka. Umuulize dokta kama hiyo kidonge inaweza kuhamia asubui. Ni swali ya dakika moja na inaweza kurudishia mutu usiku wake.

Halafu kuna miguu. Sukari yenye imekaa juu miaka mingi inaharibu neva, na maumivu ya neva inazidi usiku, mutu anasikia miguu inawaka moto, inachoma kama sindano, shuka ikigusa ni shida. Hiyo pia ina dawa yake, sio lazima mutu avumilie tu na kusema ni uzee. Na hapo niseme haraka kitu moja juu ya baridi yetu: Bukavu iko mita karibu 1.500 juu, usiku inapiga baridi, watu wanaingizaka mbabula yenye makaa ndani ya chumba. Mutu mwenye neva za miguu zimekufa anaweza kuungua bila kusikia, na hewa ya sumu yenye makaa inatoa kwenye chumba yenye imefungwa inaua wote, mwenye sukari na asiye na sukari. Soksi na blanketi inatosha.

Sasa usiku za muji wetu. Ni lazima tuongee ukweli, ushauri wa kulala yenye inatoka mbali inasema zima simu, weka chumba kimya, lala saa ileile kila siku. Ni ushauri muzuri, lakini haijue Kadutu, komine ya hapa Bukavu. Nyumba imegusana na nyumba, ukuta ni mbao, jirani akikohoa unaamuka. Maji inakuja kwenye robine saa nane ya usiku, na kama haukuamuka kujaza bido, kesho familia haioge. Buvet ya pale chini inapiga muziki, kanisa ya pale juu ina baffle (spika kubwa) inaangalia kwetu. Na toka Februari 2025 kila mutu wa hapa anajua maana ya kulala na sikio moja wazi, mutu anasikia masasi mbali, anahesabu, anasikiliza kama inakaribia, moyo inapiga, kisha asubui anapima sukari anashangaa. Asishangae. Ni adrenalini ileile. Woga wa usiku inapandisha glisemi bila mutu kula kitu, na mugonjwa mwenye amepitia hiyo anahitaji kuambiwa wazi kama namba ya leo haiko kosa yake.

Kuna vitu hatuwezi kubadilisha. Lakini maji, tunaweza. Kwetu mama haamuke tena juu ya maji, kazi hiyo ni ya vijana, kwa zamu, na inajulikana. Sikiliza vizuri: kwenye parseli mingi hapa, mwenye anaamuka saa nane kujaza bido ni mama mukubwa wa nyumba, juu yeye njo analala mwepesi, juu amezoea, na watoto wenye nguvu wanalala. Kama huyo mama ana sukari, tunamuibia usingizi kila usiku bila kujua. Kwa kanisa yenye baffle, wazee watatu wa kartie walienda kuongea na muchungaji, kwa heshima, bila kelele, na baffle sasa inageuka ndani kuanzia saa tatu ya usiku. Kumbe ilitakiwa tu kuomba.

Ninataka kukaa kidogo kwenye sala za usiku kucha, juu ni jambo ya roho yangu. Mimi ni mukristo na ninapenda kukesha, sikuje hapa kupiga sala. Lakini mutu mwenye sukari mwenye anafunga muchana, kisha anakunywa glibenclamide yake juu amezoea kuikunywa jioni, kisha anakesha mpaka asubui bila kula, huyo yuko kwenye hatari ya kweli. Glibenclamide inalazimisha kongosho kutoa insulini ata kama hakuna chakula, na inakaa mwilini muda murefu, zaidi sana kwa wazee na kwa wenye figo imechoka. Sukari inashuka chini ya 70, kisha chini ya 54, na hapo ubongo inaanza kukosa chakula yake. Mutu anatetemeka, anatoka jasho ya baridi, anaongea maneno yenye haieleweke, anakuwa mukali ao analia bila sababu, anaanguka. Na kwenye kesha watu wakiona hivyo wanafikiria ni Roho amemushukia, ao ni pepo inatoka, wanaongeza nyimbo, wanamuzunguka, wanaweka mikono. Dakika zinapita. Ndugu zangu, hizo dakika zinaweza kuua mutu.

Kama mutu ana sukari na unaona hizo alama, na bado anaweza kumeza, mupe sukari kwanza: vijiko vitatu ao vine vidogo kwenye maji nusu kikombe, ao fanta ya kweli yenye sukari, anywe. Mungoje dakika 15, mupime kama aparei iko, kama bado iko chini umupe tena. Akipata nafuu mupe kitu ya kula, mukate ao ndizi, juu sukari ya maji inaisha haraka. Kama amepoteza fahamu usimutie kitu mdomoni, atapaliwa, mubebe opitali palepale, ata kwa moto (pikipiki), mutu moja akae nyuma kumushikilia. Sala inaendelea wakati sukari inayeyuka kwenye kikombe, vyote viwili vinaenda pamoja. Ningefurahi kama kila kanisa ya hapa, kuanzia Bagira mpaka Panzi, ingekuwa na termo moja ya chai tamu kwenye meza ya nyuma usiku wa kesha, na mashemasi wawili wenye wanajua nani kwenye kundi ana sukari. Na mwenye sukari mwenye anataka kufunga aende aongee na dokta wake mbele, kwa sababu kuna dawa zenye zinavumilia kufunga (metformini peke yake mara chache sana inashusha sukari kupita kiasi) na kuna zenye hazivumilie kabisa. Na kilio ni vilevile. Tunakaa kwa kilio usiku tatu, nne, kwenye viti vya plastiki, kwenye baridi, kahawa kwa wingi, chakula saa ya ajabu. Hakuna mutu atamulaumu mugonjwa kama amerudi kulala saa nne na kurudia asubui. Na kama kuna mwenye atamulaumu, sisi wa nyumba yake tumujibu mbele yeye hajajibu.

Turudi kwenye namba ya asubui, juu inachanganya watu wengi. Mutu analala na 140, hakule kitu usiku, anaamuka na 190. Analia, anasema aparei imeharibika. Mara nyingi aparei haina kosa. Kuelekea alfajiri, kuanzia karibu saa tisa ya usiku, mwili ya kila mutu inajitayarisha kuamuka, inatoa kortizoli na homoni ya kukua, ini inafungua akiba. Kwa mutu muzima insulini inajibu palepale. Kwa mwenye sukari haijibu ya kutosha, na namba inapanda. Hiyo njo sababu ya kwanza. Ya pili ni chakula ya usiku: bugali ya saa nne, mutu anakula anashiba analala palepale, na usiku mwili inashughulikia sukari vibaya kuliko muchana, kwa hiyo sahani ileile yenye muchana ingemupandisha kidogo, usiku inamupandisha sana na inakaa. Ya tatu njo ile yenye tumeongea, usingizi yenyewe imevunjika. Na kuna ya inne yenye haipendeze kusahauliwa: dawa ya jioni imepungua nguvu ao haitoshi mpaka asubui.

Namna ya kutofautisha ni kupima mara tatu kwenye usiku moja: wakati wa kulala, saa tisa ya usiku, na wakati wa kuamuka. Ninajua bei ya bandeleti, vile vipande vyenye damu inawekwa juu yake ili aparei isome sukari, ninajua mutu ananunua chache kwa famasi na anazihesabu. Lakini bandeleti tatu kwenye usiku moja yenye imechaguliwa vizuri inaeleza kuliko bandeleti kumi za kupima saa yoyote tu. Kama saa tisa iko vizuri na asubui imepanda, ni alfajiri. Kama tayari ilikuwa juu wakati wa kulala na imebaki juu, angalia chakula ya jioni na dawa. Na kama saa tisa iko chini, 65, 60, hapo ni jambo ya haraka, juu maana yake mutu anashuka usiku wakati wote wamelala. Hiyo inafikiaka sana wenye wanapiga insulini ya kati jioni, ile yenye rangi kama maziwa, juu nguvu yake kubwa inakuja kati ya saa 4 na saa 10 kisha kuipiga. Ukiipiga saa mbili ya usiku, hesabu mwenyewe. Alama zake ni jasho mpaka foronya inalowa, ndoto mbaya, kupiga kelele usingizini, kuamuka asubui kichwa kizito kama mutu mwenye alilewa. Mwenye analala naye kitanda moja njo anaona mbele ya yote, kwa hiyo bibi ao bwana ao mujukuu mwenye analala chumba kimoja na koko ajue hizo alama.

Sasa moyo, na hapa ninaomba mutu asome polepole. Mutu mukubwa mwenye sukari ana hatari karibu mara mbili ya kupata ugonjwa wa moyo na mishipa kuliko mutu wa miaka yake asiye na sukari. Kwa mwenye analala vizuri, tansiyo inashuka usiku, kwa kawaida asilimia 10 mpaka 20 chini ya ile ya muchana, na hayo njo mapumziko yenye moyo inapata. Mutu akilala vibaya, ao neva zenye zinaongoza moyo zikiwa zimeharibiwa na sukari, ao figo ikiwa imechoka, tansiyo haishuke. Moyo inafanya kazi ya muchana saa 24. Na wenye tansiyo yao haishuke usiku njo wanapata zaidi kiharusi na magonjwa ya moyo na figo. Ubaya ni kwamba opitali wanapima saa nne ya asubui, mutu amekaa kwenye benchi amepumzika, namba inaonekana nzuri, wanamwambia endelea hivyo. Kuna mashine ya kufunga mukononi saa 24 yenye inapima ata ukilala, lakini si kila mutu ataipata, kwa hiyo angalau ueleze usiku wako kwa mdomo. Shirika la moyo la Marekani, American Heart Association, mwaka 2022 liliongeza usingizi kwenye orodha yao ya vitu vya kulinda moyo, vilikuwa 7 vikakuwa 8, na wanasema mutu muzima alale saa 7 mpaka 9. Usingizi ilisimama sawa na sigara, tansiyo, chakula, sukari. Sawa kabisa.

Na kukoroma. Huku kwetu mutu akikoroma tunasema amelala vizuri, amechoka, amuache. Mimi ninasema musikilize. Kama anakoroma kwa nguvu, kisha kimya, hakuna pumzi, sekunde kumi, ishirini, kisha anashituka kama mutu mwenye alikuwa anazama na anavuta pumzi kwa kelele, hiyo haiko usingizi muzuri. Koo inajifunga, oksijeni inashuka, ubongo inamwamusha nusu ili asife, adrenalini inaruka, tansiyo inaruka, ini inatoa sukari. Inaweza kujirudia mara 15, mara 30 kwa saa moja, na asubui yeye hakumbuke kitu, anajua tu kama kichwa kinauma, mdomo umekauka, na muchana analala kwenye kiti, ata kwenye ibada, ata kwenye taksi. Kati ya watu wenye sukari ya tipe 2 hii shida iko sana, zaidi kwa wenye kilo nyingi na shingo nene, lakini ata mwembamba anaweza kuipata. Mashine ya kusukuma hewa puani usiku njo dawa kubwa, na kuipata hapa ni vigumu, sitadanganya mutu. Lakini kulala ubavu badala ya mugongo inasaidia wengi, kupunguza kilo inasaidia sana, kuacha kasiksi na bia ya jioni inasaidia usiku uleule, juu pombe inalegeza koo. Na usinunue diazepamu kwa famasi ili ulale. Watu wanainunua kama pipi. Kwa mutu mwenye pumzi inasimama usiku, dawa ya kulaza inazidisha, na kwa mwenye sukari yake inashuka, inamuzuia kuamuka na kuomba musaada.

Kitu kingine: mutu mwenye sukari anaweza kupata krizi ya moyo bila kifua kuuma, juu neva za kumuletea maumivu zimekufa. Anakuja tu na jasho ya gafula, pumzi fupi, kichefuchefu, uchovu wa ajabu, maumivu ya taya ao ya juu ya tumbo yenye watu wanaita gastriti. Kwa hiyo jasho ya usiku, pima sukari kwanza. Kama iko chini, mupe sukari. Kama iko kawaida ao juu, na pumzi yake ni fupi, usingoje asubui. Na kama koko ameanza kuomba mito miwili, mitatu, ao anasema analala vizuri akikaa kwenye kiti, na miguu inavimba jioni, hiyo ni moyo inaomba musaada, iende iambiwe dokta wiki hii.

Kwa nyumba yetu, vitu vilibadilika kidogo kidogo. Makaa inawashwa mapema, tunakula saa kumi na mbili na nusu, ikichelewa saa moja. Bugali ya mama ni ndogo, sombe na maharagi nyingi, samaki sambaza zikipatikana. Kisha chakula anatembea kidogo kwenye njia ya parseli, anasalimia majirani, anarudi, na hiyo kutembea peke yake inashusha sukari ya kisha chakula kuliko watu wanavyofikiria. Chai nyeusi na kahawa mwisho ni saa tisa ya muchana. Muchana akichoka analala, lakini nusu saa tu, tunamwamusha, juu akilala mpaka saa kumi usiku yote anaangalia dari. Na saa ya kwenda kulala na ya kuamuka ni zilezile ata siku ya Mungu. Asubui zake zimekuwa bora, si kila siku, usiku wa masasi bado zinaruka, lakini zimekuwa bora, na tansiyo pia.

Wenye ninawafikiria zaidi ni wale wenye kazi yao ni usiku. Masentineli wa Nguba na Muhumba wenye wanakaa kwenye mulango ya matajiri mpaka asubui, waganga wa opitali wenye wako garde, wamama wa mukate wenye wanaanza saa tisa. Mutu hawezi kumwambia baba wa watoto sita aache kazi juu ya glisemi. Jirani yetu ni sentineli na ana sukari, na alikuwa anakula bugali yake kubwa saa sita ya usiku ili asisinzie, saa yenye mwili inashughulikia sukari vibaya kuliko muchana. Dokta wake alimusikiliza vizuri: chakula kubwa sasa anakula mbele ya kutoka nyumbani, kazini anabeba karanga na yai ya kuchemsha, na saa za dawa zake zilipangwa upya kufuata saa zake za kula, si saa za watu wa muchana. Anabeba pia sukari kwenye mufuko ya koti. Patroni alikubali amupangie usiku zifuatane badala ya kuchanganya muchana na usiku kwenye wiki moja, juu kuchanganya njo kunavuruga mwili zaidi. Na bibi yake alifunga kitenge nzito kwenye dirisha ya chumba, na akaambia watu wote wa familia, pamoja na sisi majirani, kama muzee anatafutwa kisha saa nane ya muchana, mbele ya pale hakuna mutu anapiga hodi.